Ukichaguliwa Kamati ya Shule, Anza na Hesabu ya Rimu

Mpwa wangu anayekaa Chamazi amechaguliwa kuingia kamati ya shule ya msingi anakosoma mwanawe. Alinipigia simu usiku uleule. "Shikamoo mjomba. Wewe umekaa ofisi ya elimu miaka yote hiyo. Kikao cha kwanza ni Jumamosi. Niulize nini?" Nikamwambia aje nyumbani, maana mambo yenyewe si ya kwenye simu. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka alipokwisha ondoka.

Nilianza kama mwalimu wa darasani, nikawa mwalimu mkuu, nikamalizia utumishi nikiwa afisa elimu katika mojawapo ya manispaa za Dar es Salaam. Fedha ya shule nimeipokea, nimeitumia na nimeikagua. Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu asianze na ufaulu. Aanze na fedha, kisha aulize fedha hiyo inaliwa na nini.

Tangu Januari 2016, ulipoanza mpango wa elimu bila malipo, fedha ya uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kwa shule ya msingi, kiwango nilichofanya nacho kazi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Ukigawa kwa miezi 12 unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Mia tano hiyo ndiyo chaki, rimu, umeme, maji, kitasa cha mlango, dawa ya choo, mpira wa watoto na ukarabati wa dawati lililovunjika. Kwa daladala za jiji hili haimtoshi mtu mzima nauli ya safari moja.

Chanzo cha kiwango hicho wengi wamekisahau. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, ruzuku ilipangwa kuwa dola 10 kwa mtoto, na wakati ule dola 10 zilikaribia shilingi 10,000. Leo dola hizohizo zinazidi shilingi 20,000. Miaka yote niliyokaa ofisini kiwango hakikupanda, lakini bei ya rimu ilipanda, na ya saruji, na ya bati. Mwalimu mkuu anayeonekana mchoyo wa chaki mara nyingi si mchoyo.

Sasa tupige hesabu. Chukua shule ya watoto 2,400, ambayo kwa Mbagala au Chanika si shule kubwa. Kwa mwezi inapata shilingi 1,200,000. Darasa la saba tuseme lina watoto 310. Masomo ya mtihani ni sita. Shule ikiamua kutoa mtihani wa kujipima kila wiki, karatasi tatu kwa kila somo, hizo ni karatasi 5,580, yaani rimu 11 na ushei, kila rimu karatasi 500. Kwa wiki nne ni rimu 45. Weka rimu moja kwa shilingi 12,000: umeshatumia 540,000, na hapo hujanunua wino wala kulipia fundi wa mashine ya kudurufu. Karibu nusu ya fedha ya shule nzima imekwenda kwa watoto 310. Waliobaki, 2,090, wagawane kinachosalia.

Shule isipotaka kula fedha yake hivyo, mzigo unahamia mfukoni mwa mzazi. Ndiyo ile hela ya mtihani ya kila Ijumaa, na mtoto asiyekuwa nayo anakaa nje akiwatazama wenzake kupitia dirishani. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 uliweka wazi kwamba michango ni ya hiari, na hakuna mtoto anayepaswa kukosa masomo kwa sababu yake. Mpwa wangu nilimwambia sentensi hiyo aishike kichwani. Wazazi wakikubaliana kuchangia uji au mlinzi, ni sawa, ila yawepo makubaliano ya mkutano, muhtasari ulioandikwa na risiti. Mwalimu asipite darasani akikusanya sarafu.

Lazima pia niseme sehemu yangu. Mashindano haya ya mitihani hayakuanzia kwa walimu, yalianzia kwetu maofisini. Kila matokeo ya darasa la saba yalipotoka tulikuwa na kikao cha tathmini. Walimu wakuu wanajaa ukumbini, orodha inaonyeshwa ukutani, kutoka shule ya kwanza hadi ya mwisho, na wa mwisho wanasimama kujieleza. Mwaka mmoja nilimsimamisha mwalimu mkuu wa shule moja ya pembezoni. Akaniambia kwa upole kwamba darasa la kwanza lina watoto 212 na mwalimu mmoja. Nikamjibu mbele ya wenzake: "Nimekuuliza habari za darasa la saba."

Mwaka uliofuata shule ile ilipanda. Nikaenda kuitembelea, nimefurahi. Darasa la saba lilikuwa na walimu wanne bora wa shule, limewekewa taa kwa ajili ya masomo ya jioni, na ukutani kuna grafu za mitihani ya kila wiki. Nikazunguka nyuma. Darasa la kwanza walikuwa wameketi sakafuni, wamebanana, mwalimu hana hata njia ya kufika safu ya nyuma. Nikaingia darasa la tano, nikampa binti mmoja kitabu cha darasa la pili anisomee. Akakishika vizuri, akaanza: "Hapa kuna mama, ana ndoo, kuna mbuzi." Alikuwa anasoma picha. Maandishi hakuyagusa. Mwalimu mkuu alisimama kando yangu, hakusema neno. Alikuwa amefanya kile hasa nilichomtaka afanye. Baadaye nilimtafuta nikamwomba radhi, na akanisamehe, lakini binti yule alikuwa ameshafika darasa la tano.

Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, Januari 2023, nilifurahi kweli. Wapo waliolalamika kwamba ushindani umeuawa. Mimi nakumbuka mwaka 2013, matokeo ya kidato cha nne cha 2012 yalipotoka na zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri. Serikali iliyafuta na kuyapanga upya, lakini upangaji haukuweza kurudi nyuma kumfundisha mtu kusoma. Watoto wale hawakuharibikiwa kidato cha nne.

Simpingi mtu anayepima. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne una faida kubwa shule ikikaa chini na matokeo yake, ikatazama somo kwa somo, ikajua watoto walipokwama. Ninachopinga ni karatasi zinazosahihishwa haraka, zikapewa alama, kisha zikafungiwa maandazi. Kikaoni usiulize "tumefanya mitihani mingapi?" Uliza: baada ya mtihani wa mwezi uliopita, ni mada gani ilifundishwa upya, na nani aliifundisha? Mwalimu anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa.

Tena kuna kipimo kisichokula rimu hata moja. Chukueni kitabu cha darasa la pili, kila mtoto wa darasa la tatu asome ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya mwalimu, dakika mbili tu. Wasioweza waandikwe majina, wapangiwe muda. Na maswali ya majaribio yanaweza kuandikwa ubaoni, mtoto akajibu kwenye daftari lake. Sisi tulisoma hivyo, na nilipokuwa darasani nilifundisha hivyo.

Jambo la takwimu usilipite. Fedha inafuata idadi iliyoandikwa, na watoto wa jiji hili hawatulii. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541, ya 2022 ikakuta 5,383,728. Milioni moja ya nyongeza haikuhamia Upanga, ilikwenda Chamazi, Kivule, Majohe, Goba. Mzazi anahama katikati ya muhula, mtoto anapokelewa, kama inavyotakiwa, lakini jina linachelewa kuingia kwenye taarifa. Shule inabaki na mdomo bila fungu lake. Muombe mwalimu mkuu idadi ya rejesta za leo, uilinganishe na idadi iliyopelekwa halmashauri, kisha na fedha iliyoingia. Mapokezi na matumizi yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Yasipokuwepo, omba yabandikwe.

Ila usimvizie mwalimu mkuu kikaoni. Hili nilimsisitizia mpwa wangu kuliko yote, maana namjua alivyo mwepesi wa hasira. Nenda ofisini kwake siku mbili kabla, umsalimie, umwambie utakachouliza. Mtu anayeishi kwa mia tano kwa mtoto, na juu yake kuna maofisa kama nilivyokuwa mimi, anahitaji mzazi wa kusimama naye.

Na kuna la mwaka 2027. Kwa mtaala mpya, watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 wanamalizia darasa la sita. Wale waliowatangulia, wa mtaala wa zamani, wanamaliza la saba mwaka huohuo. Januari 2028 mikupuo miwili itagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Mwanawe ni mmoja wao. Nilimwambia kamati iandike mapema idadi ya watoto wa madarasa hayo mawili na kuipeleka kwa diwani, ili bajeti zinapopangwa asije akasema hakuambiwa.

Aliandika maswali yake nyuma ya bahasha, akaaga.

Jumamosi jioni akanitumia ujumbe. Mwalimu mkuu alifungua daftari bila ubishi, na mitihani ya kila wiki wamekubaliana iwe ya kila mwezi. Darasa la kwanza wako 198, walimu wawili, na mmoja yuko likizo ya uzazi. Jumatatu asubuhi namsindikiza kwa Afisa Elimu Kata.