Usiandike "kwa sababu binafsi"

SWALI: Mimi ni karani wa bohari katika kiwanda kimoja Dar es Salaam. Msimamizi wangu hunitukana mbele ya vibarua na kunitumia ujumbe wa vitisho usiku. Silali, na juzi niliona katoni zimeloa nikanyamaza kwa kuogopa matusi. Jamaa mmoja anayeshughulikia kesi za kazi ameniambia niandike barua ya kuacha kazi "kwa sababu binafsi", kisha tudai fidia. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu, barua hiyo usiiandike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humhesabu mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike kuwa ameachishwa. Lakini ukishakiri kwa mkono wako kwamba sababu ni binafsi, umemkabidhi mwajiri utetezi wake. Katika madai ya namna hii ni wewe unayetakiwa kuthibitisha kwanza kwamba hali haikuvumilika na kwamba chanzo ni mwajiri.

Kanuni za mwaka 2007 zinataka mfanyakazi aliyeonewa awe ametumia utaratibu wa malalamiko uliopo kazini, isipokuwa kama ana sababu ya msingi ya kutofanya hivyo. Iandikie idara ya rasilimali watu, ukitaja tarehe, waliokuwepo na maneno yenyewe yalivyotamkwa, hata yale yanayotia aibu, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa usiku usiufute. Kuhusu usingizi, muone daktari, umweleze chanzo, na utunze cheti chake. Katoni uziripoti leo, kwani ukimya huo unaweza kugeuzwa kosa lako la kinidhamu.

Mwenye kiwanda naye angepaswa kuzihofia katoni hizo kuliko fidia yako. Wakubwa wengi bado huamini kwamba ukali ndio nidhamu, na hasara ikiingia humwalika mhamasishaji awachangamshe watu ukumbini kwa saa mbili, ilhali msimamizi yuleyule anawasubiri bohari. Mahali pa matusi, habari mbaya hazimfikii mkubwa, wenye ujuzi unaotafutwa kwingine huondoka mapema, na wanaobaki hujifunza kuficha.

Wanaonikera zaidi, hata hivyo, ni vishoka kama huyo jamaa yako. Barua moja humuuzia dereva, mpishi wa hoteli na mwalimu, akibadilisha jina tu. Wengine humshauri mtu asiende kazini kabisa, jambo ambalo ni utoro na humpa mwajiri sababu halali ya kumfukuza. Wapo pia wanaokaa na jalada wakiahidi "kuongea na wahusika", mpaka zinapita siku 30 za kufikisha mgogoro wa kuachishwa kazi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Baada ya hapo huanzi tena na matusi ya msimamizi. Unaanza kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku uliyochelewa, na kishoka hayupo mezani kukujibia.