Pakiti Zimekwama Wapi? Maswali ya Mashine Pepe na Draiva Zake

Maswali mengi ya safari hii yana mwanzo mmoja: mashine pepe ilikuwa nzima, ikasasishwa, mtandao ukaanza vituko. Mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu, humu tunaiita mgeni; kompyuta halisi inayoibeba ni mwenyeji.

Fundi, salaam. Nina mgeni wa Linux juu ya KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe). Tangu nisasishe keneli, yaani kiini cha Linux, ping inakwenda na SSH inaingia, lakini nikinakili faili kubwa linaganda. Nianzie wapi?

Salaam. Washa keneli ya zamani. Debian na Ubuntu hazina haraka ya kuifuta. Utaikuta kwenye orodha ya GRUB, programu ya kuchagua keneli mashine inapowaka. Usiguse kingine chochote: si mwenyeji, si MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), si faiawo. Hakikisha kwa `uname -r` kwamba kweli uko kwenye ya zamani, nakili faili, kisha rudi kwenye mpya uone kama litaganda tena. Fanya hivyo mara mbili. Watu huitia draiva (programu inayoendesha kadi ya mtandao) hatiani kwa jaribio moja, kumbe kilichoponya ni kule kuzima na kuwasha tu.

Sasa itazame dalili yenyewe. Ndogo zinapita, kubwa zinakwama. Jaribu `ping -M do -s 1472`, inayokataza pakiti kukatwa njiani. Hizo baiti 1,472, ukiongeza 8 za ICMP na 20 za IP, zinatimia 1,500, kipimo cha kawaida cha Ethernet. Zikipita, njia ni nzima, na wa kushukiwa ni kazi zile ambazo keneli huiachia kadi. Mgeni hakati data yake vipande vya 1,500. Humkabidhi mwenyeji furushi la hadi KB 64 hivi, likatwe huko chini. Hiyo ndiyo TSO; GSO ni ndugu yake wa ndani ya keneli. Zizime kwa `ethtool -K eth0 tso off gso off` (weka jina la kadi yako). Nakala ikianza kutiririka hujapona bado, ila umejua panapouma.

Tcpdump, programu ya kunasa pakiti, inaniambia kila pakiti inayotoka ina cheksamu (namba ya kuhakiki data) mbovu. Si ndiyo ushahidi huo?

Hapana. Tcpdump inaiona pakiti kabla kadi haijaijazia cheksamu. Kamata upande wa mpokeaji, kwenye mashine nyingine kabisa. Nasisitiza nyingine, kwa sababu wageni wawili walio juu ya mwenyeji mmoja wanaweza kupeana pakiti ambazo cheksamu yake haijajazwa kamwe, na mambo yakaenda sawa. Tatizo huanza kwa programu inayosoma pakiti ghafi. Dhclient ya zamani, programu ya kuomba anwani ya mtandao kwa DHCP, iliwahi kusumbua watu hivyo: jibu la DHCP linaonekana limefika, mgeni hapati anwani. Iptables, faiawo ya Linux, ikaongezewa hata kanuni maalumu, CHECKSUM, ya kujaza pengo hilo.

Nikishajua keneli ipi nzima na ipi mbovu, nitalipataje badiliko lenyewe? Kati yake kuna maelfu!

Kwa `git bisect`. Unaipa toleo zima na toleo bovu, inakupeleka katikati. Unajenga, unajaribu, unajibu `good` au `bad`, nusu inatupwa. Mabadiliko 16,000 yanaisha kwa majaribio 14 hivi. Kabla ya kuanza, endesha `make localmodconfig` ndani ya mgeni ili usijenge draiva usizozitumia. Bila hivyo utakunywa chai hadi uchoke. Keneli isiyojengeka ijibu `skip`, usibahatishe.

Unaweza kuibana kwenye faili moja, `drivers/net/virtio_net.c`, ambayo ni draiva ya kadi pepe ya virtio, na majaribio yakawa machache sana. Mimi siifanyi hiyo kwanza, kwa sababu kosa mara nyingine limo kwenye msingi wa mtandao, `net/core`, na draiva inasingiziwa.

Kinachoua kazi hii ni `good` ya uongo. Niliwahi kusaka hitilafu iliyojitokeza baada ya dakika 20 za mzigo. Jaribio la sita nilikuwa na usingizi, nikangoja dakika tano, nikaandika `good`. Mwishoni nikaletewa mhalifu: mtu aliyerekebisha herufi kwenye maelezo ya kadi ya sauti! Kama nawe umeteleza hivyo, usianze upya. Hifadhi `git bisect log` kwenye faili, futa mistari kuanzia jibu la uongo, kisha `git bisect replay`.

Kwa nini nisiweke tu kadi ya e1000 badala ya virtio, nikalale?

Kwa usiku mmoja, weka. E1000 ni kadi ya Intel inayoigizwa, na maigizo hayo hugharimu CPU. Virtio imeundwa ikijua imo ndani ya mashine pepe. Lakini kama jaribio, e1000 ina faida: ikipona na virtio ikigoma, uko karibu. Hapo rudi kwenye virtio, mwambie QEMU (programu inayomwendesha mgeni) `vhost=off`, ili keneli ya mwenyeji isibebe pakiti za virtio. Mgeni akipona, mtazame mwenyeji naye, maana virtio ina nusu mbili na umekuwa ukimkagua mgeni peke yake.

Nimelipata badiliko. Nimpelekee nani?

`scripts/get_maintainer.pl` itakutajia wahusika. Wape namba ya badiliko, keneli zote mbili, amri ya QEMU uliyotumia, na jaribio fupi wanaloweza kulirudia wenyewe. Kama ukiliondoa badiliko hilo kwa `git revert` mtandao unapona, liandike mstari wa kwanza.