Mtoto Kudhurika Baada ya Chanjo: Nidai Wapi?

SWALI: Tunaishi Ohio, Marekani. Siku 5 baada ya chanjo ya kwanza ya rota, utumbo wa mwanangu ulijikunja, akalazwa na kupasuliwa. Nimshtaki daktari? Sina pesa za wakili.

JIBU: Pole sana, mama. Daktari mwache kwanza; dai hupelekwa Mahakama ya Madai ya Shirikisho, Washington, dhidi ya Waziri wa Afya. Una miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Usingoje majibu ya hospitali, muda haukusubiri! Madhara hutakiwa yadumu zaidi ya miezi 6, ila kulazwa pamoja na upasuaji kunatosha. Utumbo kujikunja kati ya siku ya 1 na ya 21 kumo kwenye jedwali la sheria linaloorodhesha madhara yanayochukuliwa kuwa yametokana na chanjo, hivyo hulazimiki kuthibitisha chanzo. Ambatisha kadi ya chanjo na faili lote la matibabu. Wakili hulipwa na mfuko wa serikali wa fidia za chanjo, hata mkishindwa, mradi dai lina msingi.