Mbwa alipanda mnara mbio, kushuka akagoma

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi na rafiki zangu watatu tunaishi Syracuse, jimbo la New York, na siku hizi ugonjwa wetu ni kupanda vilima vya Adirondack vyenye ile minara ya zamani ya kulindia moto wa msitu. Tuna mbwa wawili: Simba, chotara wa German Shepherd, kilo 32, miaka mitatu, na Pili, kijibwa cha kilo 5. Mwezi uliopita Simba alipanda mnara mwenyewe, tena mbio, akabakiza ngazi moja afike juu. Kushuka akagoma. Alijilaza pale ngazi inapogeuka, akatetemeka, akajikojolea. Tulihangaika karibu saa nzima, mwishowe tukamshusha tumemfunga kwenye jaketi kama mtoto. Julai hii tunataka kwenda Bald Mountain, karibu na mji mdogo wa Old Forge. Kwa nini alipanda vizuri kisha akashindwa kushuka? Na tumzoeshe vipi?

JIBU: Marahaba. Nianze na jibu ambalo hutalipenda: msimzoeshe. Simba abaki chini ya mnara, na nitakueleza kwa nini.

Mbwa akisimama tu, sehemu kubwa ya uzito wake, kama asilimia 60, iko kwenye miguu ya mbele. Akipanda ngazi, miguu ya nyuma ndiyo inayosukuma, nayo ina nguvu za kutosha. Macho yake yanaangalia juu, anakuona wewe uliyetangulia, anakufuata. Akigeuka kushuka, mambo yote yanapinduka. Uzito unamwagikia mabegani, kichwa kinaelekea chini, na kwa kuwa ngazi za mnara hazina ubao wa kuziba nyuma ya kipandio, anachokiona ni uwazi mtupu na ardhi mbali huko chini. Hapo mnara unatikisika kidogo kwa upepo na kwa miguu ya watu. Simba hakuwa mkaidi. Alipima, akaona haiwezekani.

Ngazi zenyewe hazikutengenezwa kwa ajili ya matembezi. Baada ya moto mkubwa wa 1903 na 1908 kuteketeza misitu ya Adirondack (cheche za garimoshi na matawi makavu yaliyoachwa na wakata magogo vilichangia sana), jimbo lilianza kujenga minara mwaka 1909, ya mbao kwanza. Baadaye ikaja ya chuma kutoka Aermotor ya Chicago, kampuni iliyokuwa ikitengeneza vinu vya upepo vya kuvutia maji. Ukijua hivyo, ukiutazama mnara utakiona kile kinu: miguu minne myembamba inayokutana juu, na ngazi iliyobanwa katikati. Ilimtosha mlinzi mmoja mwenye darubini, ramani na simu. Mnara wa Bald Mountain ni wa 1917, una futi 35, yaani kama mita 10 na nusu. Si mrefu, lakini mbwa akianguka kutoka nusu yake tu, mimi ndiye nitakayempokea mezani.

Na hata asipoanguka, kuna kucha. Niliwahi kuletewa mbwa aliyenasa ukucha wa pembeni, ule wa juu ya wayo, kwenye chuma cha ngazi. Alipojivuta ukang'oka wote. Damu ilikuwa imelowesha kiti cha nyuma cha gari, na mwenye mbwa alikuwa ananiapia kwamba mbwa amejikata kwenye chupa.

Ikitokea tena amekwama, msimwite kutoka chini na msimvute kwa ukosi wa shingoni. Mmoja akae kipandio cha chini yake, akimpa mgongo ili azibe ule uwazi anaouogopa. Mwingine awe nyuma, ameshika mkanda wa kifuani kwa mkono mmoja na mwingine ameuweka chini ya tumbo. Kipandio kimoja, pumzika, kingine. Lile jaketi lenu si baya, mradi miguu yote minne iwe ndani. Pili ni habari nyingine: kilo 5 zinaingia kwenye begi la kifuani, kamba yake ikafungwa kwenye begi, na mikono yako miwili ikabaki kwenye vyuma.

Sasa niseme kitu ambacho hukuniuliza, na ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko mnara. Ni Julai. Njia ya Bald Mountain ni fupi, kama maili moja kwenda, lakini sehemu ya juu ni mgongo wa mwamba mtupu usio na kivuli. Wanaopanda hapo huduwaa wakitazama msururu wa maziwa ya maji uitwao Fulton Chain na kumsahau mbwa. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Anapoza mwili kwa kutweta. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 za selsiasi. Likifika 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika.

Mtazame ulimi. Ukiona ncha imepanuka kama mwiko, mate yamekuwa mazito na fizi zimeiva nyekundu, safari imekwisha. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, hasa tumboni na kwenye mapaja kwa ndani, kisha mpepeeni. Msimfunike taulo mbichi mkaliacha hapo, linageuka blanketi. Akiyumba au akitapika, mpozeni kwanza, kisha mbio kwa daktari. Ondokeni nyumbani alfajiri. Lita moja na nusu ya maji iwe ya Simba peke yake. Mwamba nao upimeni kwa mgongo wa mkono: ukishindwa kuhesabu hadi saba, nyayo zake nazo hazitaweza.

Suala la kupe nitalipitia haraka maana mnalijua. Huyu mdogo wa kulungu anayebeba ugonjwa wa Lyme kwa kawaida huhitaji kung'ang'ania zaidi ya saa 24 kabla ya kuambukiza, kwa hiyo ukaguzi wa jioni hiyohiyo una maana: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Mng'oe kwa kibano, moja kwa moja, bila kumpaka mafuta wala kumchoma kwa kiberiti. Na Simba akikutana na nungunungu, msikate miiba. Ina vijino vinavyoelekea nyuma, ikivunjika inazidi kuzama. Njooni nayo kama ilivyo.

Mko wanne, kwa hiyo hesabu ni rahisi: wawili wapande, wawili wabaki na mbwa, kisha mbadilishane. Msimfunge Simba kwenye mguu wa mnara. Atasikia sauti zenu juu na kujinyonga akijaribu kuwafuata, na kila anayeshuka atamkanyaga. Mkae naye hatua ishirini pembeni, kwenye miti, na kamba iwe ya futi sita, si ile inayojivuta na kujirefusha.