Matairi ya gari la mwendo Dodoma: mpira hufa kabla ya mifereji kuisha

Wenye Subaru, Altezza na Mark X hapa mjini wananiuliza kila mara: matairi haya ya spoti yanakaa kilomita ngapi? Jibu la haraka lipo. Tairi la kawaida la gari la familia, likitunzwa, linafika kilomita 50,000 na kupita. Tairi la spoti, lenye mpira laini na ubavu mfupi, mara nyingi linaishia kati ya 20,000 na 40,000. Yale laini kabisa, yanayotengenezwa kwa ajili ya kung'ang'ania lami kwenye kona, hayafiki hata 20,000.

Kwa Dodoma hilo naliona ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua watu.

Mimi naendesha Subaru Impreza WRX yenye turbo, na barabara zangu ni hizi hizi zetu: Morogoro kupitia Kibaigwa na Gairo, Singida kupitia Bahi na Manyoni, mara mojamoja Kondoa hadi Babati. Nilichokiona kwa miaka yote ni kwamba hapa kwetu mpira hufa kabla ya mifereji. Tairi linaweza kuwa na mifereji yenye kina cha milimita 5, likapendeza kwa macho, trafiki akalizunguka asiseme neno, na bado lisifae kubeba familia yako.

Sababu ya kwanza ni jua. Mpira wa tairi huchanganywa na dawa za kuukinga na hewa na mwanga, na dawa hizo hutoka ndani kuja juu pale tairi linapozunguka na kujikunja. Gari likikaa tu juani, dawa haiji juu ya kutosha, na ngozi ya mpira inakauka mpaka inapasuka nyufa ndogondogo. Ndiyo maana gari linalotembea kidogo na kupaki sana linaweza kuwa na matairi mabovu kuliko gari la safari. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, wengi tunaacha magari nyumbani au stesheni tukienda Dar. Ni jambo zuri, lakini kama gari lako linashinda juani siku tatu nne mfululizo, lipaki kivulini, au funika matairi ya upande unaopigwa na jua la mchana. Hata kipande cha turubai kinatosha.

Sababu ya pili ni ukame, na hii inadanganya watu zaidi. Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukata Aprili. Kuanzia hapo ni lami kavu tu, na kwenye lami kavu tairi lililokakamaa bado linafunga breki vizuri kiasi kwamba huoni tatizo. Unapita Juni, Agosti, Oktoba, unajiambia matairi yako salama. Kisha inanyesha ile mvua ya kwanza. Barabara imekusanya vumbi na mafuta ya miezi saba, maji yanavichanganya vyote kuwa utelezi, na hapo ndipo unagundua una matairi ya aina gani, ukiwa kwenye mteremko wa Gairo na lori mbele yako. Kama kuna mwezi wa kukagua matairi Dodoma, basi ni Novemba, kabla ya wingu la kwanza.

Kukagua hakuhitaji kifaa. Bonyeza ukucha wa dole gumba kwenye mpira wa juu, pale panapokanyaga lami. Tairi la spoti lenye afya linakubali ukucha, unaona alama, kisha alama inarudi polepole. Lililokufa ni kama unabonyeza soli ya kiatu cha zamani. Halafu angalia mizizi ya mifereji na sehemu ubavu unapokutana na mkanyago. Nyufa nyembamba za juujuu ni dalili ya uzee. Ukiona nyufa zinazofunguka ukisukuma mpira kwa kidole, tairi hilo limemaliza kazi hata kama lina mifereji. Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, na ubavuni pameandikwa TWI kukuonyesha vilipo. Mpira ukishalingana navyo, tairi limeisha kisheria katika nchi nyingi. Mimi sisubiri huko. Mvua ikikaribia na mifereji ikiwa imefika milimita 3, nabadilisha.

Kisha soma tarehe. Tafuta ubavuni herufi DOT, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho. 1819 maana yake limetengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo kama huzioni kwa nje, inama uangalie kwa ndani.

Mwaka 2024 niliingia duka moja la matairi hapa mjini, sitalitaja. Kijana akanitolea tairi, akanionyesha vile vinywele vya mpira vinavyobaki tairi likitoka kwenye kalibu. "Dada, angalia vinywele hivi, hili halijawahi hata kugusa lami." Alikuwa anasema kweli, halikuwahi. Nikalizungusha chini ya taa, nikafuta vumbi kwa kidole: 1819. Miaka mitano, na sehemu kubwa ya miaka hiyo huenda lilikaa chini ya bati. Nikamwonyesha. Akashangaa kweli, nadhani hakuna aliyewahi kumfundisha. Akaingia ndani akaniletea lingine lililotengenezwa mwaka 2023, bei ileile. Ndiyo sababu nasema uliza tarehe kabla hujauliza bei. Tangu kiwanda cha General Tyre pale Arusha kisimamishe uzalishaji, tairi letu linasafiri mbali na kukaa maghalani kabla ya kutufikia, na anayelipia uzee huo ni wewe.

Mwisho wa umri ni upi? Baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema miaka sita, na watengenezaji wa matairi kama Michelin na Continental wanaweka kikomo cha miaka kumi, kwa masharti ya ukaguzi wa kila mwaka. Kwa jua la hapa mimi nasimama kwenye mitano, sita ikiwa gari linalala ndani.

Upepo sasa. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo pesa nyingi zinapopotea. Tairi la ubavu mfupi halionyeshi kupungua upepo. Likiwa na PSI 32 au 22 (PSI ni kipimo cha upepo), ukilitazama ni lilelile. Tairi la kawaida linabonyea ukaliona, hili linanyamaza huku ubavu unajikunja na kuchemka kila mzunguko, na kwenye safari ndefu mchana wa Oktoba joto hilo ndilo linalolipasua. Kwa hiyo nunua kipimo chako mwenyewe, kikae kwenye gari. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, ufuate kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Saa nane mchana, baada ya mwendo, upepo utasoma juu zaidi, kwa sababu kila nyuzi joto tano hadi sita huongeza takriban PSI moja. Kijana wa upepo akikuambia "umezidi, nipunguze", mwambie aache. Akipunguza pale, kesho alfajiri uko chini ya kiwango.

Pia ukiwa na abiria wanne na mizigo ya kwenda Dar, kibandiko mara nyingi kina kipimo cha pili cha gari lililojaa. Kitumie.

Kuhusu alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, nitasema jambo moja. Matuta na rasharasha (yale matuta madogomadogo ya mfululizo) za kuingia kila kijiji zinakulazimisha kufunga breki na kudunda kila baada ya kilomita chache, na magari haya yenye springi fupi huhama pembe haraka. Tairi huliwa upande wa ndani, ambako huoni. Kata usukani wote, ingiza mkono nyuma ya tairi la mbele, papasa ukingo wa ndani. Ukigusa nyuzi za waya, gari lisitoke hapo. Na alaimenti bila kukagua kwanza bushi na tairodi, yaani viungo vinavyoshika magurudumu na usukani, ni hela ya bure.

Sasa kununua. Anza na maandishi ya ubavuni, mfano 215/45R17 87W. Upana ni milimita 215, ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, rimu ni inchi 17. Namba 87 ni uzito ambao tairi linaweza kubeba, kilo 545 kwa kila moja. W ni mwendo, kilomita 270 kwa saa. V ni 240, H ni 210, T ni 190. Watu wananiambia: dada, nani anakwenda 270 Tanzania hii, na vijijini kwenyewe ni 50 na tochi inakusubiri? Hakuna. Lakini herufi hiyo inapimwa kwa kulikimbiza tairi mpaka lihimili joto la mwendo huo, kwa hiyo kwetu ni kipimo cha uvumilivu wa joto. Kushuka kutoka W hadi V kwenye gari la barabarani naweza kukubali. Kufunga T kwenye gari la turbo litakalopanda kwenda Manyoni adhuhuri, hapana.

Namba nyingine ya kusoma ni ile iliyoandikwa TREADWEAR. Inakuambia mpira unaliwa kwa kasi gani: wa 200 kwa nadharia unaliwa mara mbili ya wa 400. Yokohama Advan Neova AD08R ina 180, Michelin Pilot Sport 4S ina 300, na matairi ya kawaida ya safari yanaweza kufika 500 na zaidi. Linganisha ndani ya kampuni moja, kwa sababu kila mtengenezaji hujipimia mwenyewe. Kwa mtu wa Dodoma anayependa gari lake lishike kona lakini pia aende Dar mara kwa mara, mimi namshauri akae kati ya 300 na 400. Chini ya hapo utakuwa unamwaga pesa kwenye lami ya moto.

Gari likiwa limetoka Japani, kagua matairi lililokuja nayo. Baadhi ya magari yanakuja na matairi ya theluji. Utaona neno STUDLESS, au picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani, au majina kama Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx, na mara nyingi herufi ya mwendo ni Q, yaani 160. Ni matairi bora kabisa huko kwenye barafu. Hapa kwetu mpira wake ni laini mno, gari linayumba kwenye kona, na unaisha upesi. Watu wanayasifu kwa sababu "ni original ya Japani" na mifereji yake ni mirefu. Yatoe.

Kuna ushauri ambao vijana hawaupendi, lakini nausimamia: shuka inchi moja. Badala ya 215/45R17, weka 205/55R16. Kipenyo kinakuwa karibu sawa, kinazidi kwa asilimia moja tu, kwa hiyo spidomita haikudanganyi sana. Lakini ubavu unatoka karibu milimita 97 hadi karibu 113. Hizo milimita 16 za ziada ndizo zinazopokea shimo badala ya rimu yako, na nundu za ubavuni, zile zinazotokea nyuzi za ndani zikikatika, zinapungua sana. Tairi hilo la 16 likiwa na namba 91 linabeba kilo 615. Hakikisha kwanza rimu inapita juu ya breki: WRX nyingi zinakubali rimu za 16 zilizo sahihi, Impreza STI, ile kali zaidi yenye breki kubwa za Brembo, haikubali chini ya 17.

Wenye Subaru tunaendesha magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, kwa hiyo tairi moja jipya kati ya manne yaliyolika ni tatizo. Subaru wanataka mzingo wa matairi usitofautiane zaidi ya robo inchi, na robo inchi ya mzingo ni sawa na tofauti ya milimita moja tu ya mpira. Ukipita hapo, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi muda wote mpaka inaungua. Nunua manne, chapa moja. Kama mfuko haujatosha, subiri, tumia gari la mwenzio. Mark X na Altezza za kuvuta nyuma zinaruhusu kununua mawili, na mawili mapya yakae nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye maji hakuna usukani utakaoirudisha.

Kati ya jina kubwa la mtumba na jina la kati lililo jipya, nachukua jipya bila kufikiri mara mbili. La mtumba hujui lilikimbizwaje, wala lilitembea likiwa halina upepo kwa umbali gani.

Miiba ya migunga itakupata hata hivyo. Pancha ya katikati ya mkanyago inazibika, ila mwombe fundi alitoe tairi kwenye rimu na kubandika kiraka kwa ndani; ile kamba ya kuchomeka kwa nje ni ya kukufikisha nyumbani. Pancha ya ubavuni haizibwi, hata fundi akikuhakikishia vipi.

Siku ya kufunga, muombe akufanyie balansi ya yote manne na abadilishe vali za mpira, kwa sababu za zamani nazo zimekauka na bei yake ni ndogo. Nati zikazwe kwa kupishana, gari likiwa limegusa chini. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, zikaze tena mwenyewe. Kilomita mia kadhaa za mwanzo usilikimbize, tairi jipya lina utelezi wa kalibu juu yake. Alaimenti nayo usiisahau.