Grili ya Gesi Yenye Jiko la Pembeni: Ulipie au Uache?

Grili za gesi za mtindo wa Kimarekani, zile zenye kabati chini, mfuniko mzito juu na vimeza viwili ubavuni, huuzwa kwa sura mbili. Moja ni ya kuchomea tu. Nyingine ina jiko dogo la plate moja lililozamishwa kwenye kimeza cha upande mmoja, na bei yake imepanda kidogo. Muuzaji akiwa nazo zote mbili dukani, atakufunulia hilo jiko kabla hujauliza hata nyavu ni za chuma gani. Na linavutia kweli: unabonyeza, cheche inalia, moto wa buluu unawaka, tayari unajiona unakoroga rojo la ukwaju huku mishkaki inachuruza mafuta kando.

Kwa maoni yetu, familia nyingi zingefanya vizuri kuacha. Jiko lenyewe si baya. Ila kazi wanazolinunulia sizo linazoziweza.

Anza na nguvu yake. Jiko la pembeni la kawaida hutoa BTU (kipimo cha joto) 10,000 hadi 12,000 kwa saa, yaani kilowati 3 hadi 3.5. Jikoni ndani hiyo ni nguvu ya kuridhisha. Nje ni hesabu nyingine. Chukua lita 4 za maji ya nyuzi 20. Kuyafikisha kwenye kuchemka kunahitaji kilojuli 1,340 hivi. Siku ya utulivu, sufuria ikiwa imefunikwa, tuseme theluthi ya moto ndiyo inayoingia kwenye maji na iliyobaki inapanda hewani: utasubiri dakika kama 19. Upepo ukiinama na kuusukuma moto pembeni ya sufuria, kinachoingia kikashuka hadi sehemu moja ya tano, maji yaleyale yanakula nusu saa na zaidi. Nyama imeshaiva, imeshapumzika, watu wameshakaa, na wewe bado unachungulia sufuria.

Upepo ndio adui mkubwa wa jiko hili, na anayeishi pwani hana haja ya kuelezwa kusi ni nini. Wengi hudhani dawa ni kuigeuza grili mgongo uelekee upepo, ili kifuniko cha jiko kikinge. Usifanye hivyo. Grili hutoa hewa yake ya moto kwa nyuma. Upepo ukiingia huko, joto linarudi mbele, linapita chini ya ukingo wa mfuniko na kuyeyusha vitufe vya kuwashia. Kinga nzuri ni bati lililosimamishwa upande mmoja au pande mbili tu, mbali na moto kwa kiganja hivi. Anayezungushia karatasi ya foili pande zote nne anaipika valvu na mpira ulio chini yake.

Sasa tuje kwenye ugali, maana hapo ndipo watu wetu wanapolipima jiko. Tazama mtu anavyosonga ugali wa watu sita, unga kilo moja kwa maji lita mbili hivi. Unga ukishashika, mwiko hauzunguki tena. Unabanwa kwenye ukingo wa sufuria na kusukumwa, mkono wa pili umeng'ang'ania sufuria kwa kitambaa. Nguvu yote inakwenda ubavuni. Kwenye mafiga, nguvu hiyo inaishia ardhini. Kwenye jiko la pembeni inaishia kwenye bolti chache zilizoshika bati jembamba, na grili yenyewe iko juu ya magurudumu. Sufuria inateleza kwenye vyuma vyake vinne, kimeza kinanesa, na baada ya muda matundu ya bolti yanapanuka na kimeza kuanza kuinama upande wa nje. Kimeza kikiinama, kila ukikaanga mafuta yanakusanyika upande mmoja wa kikaango, na huo ni upande wa miguu yako. Ugali usongwe kwenye jiko la chini, basi.

Pilau ya watu kumi nayo haiwezi. Duara la moto ni dogo, na sufuria ya sentimita 34 inalifunika na kubaki. Katikati patashika ukoko mweusi, pembeni mchele bado unalia meno. Sufuria ya sentimita 24 hadi 26 ndiyo ukomo wa busara, na kijitabu cha grili hutaja uzito ambao kimeza kinabeba. Usome kabla ya kujaza.

Kinachofaa ni nini? Kukaanga vitu vyenye harufu. Kwa wanaoishi Marekani na Kanada, madirisha yamefungwa miezi mitano na king'ora cha moshi kiko juu ya mlango wa jikoni, jiko la pembeni linajilipa kwa samaki peke yake. Kikaango kizito, mafuta ya kina cha sentimita moja, moto wa kati, mpini uelekezwe ndani kwenye grili na si nje wanakopita watoto. Dagaa, vitunguu vya kahawia, hata pilipili za kukaanga zinazokohoza nyumba nzima, zote zihamie huko. Linafaa pia kwa rojo na mchuzi mdogo, kwa chai, na kwa maharage yaliyokwishaiva yanayohitaji kupata moto tu. Chapati zinawezekana kwa kikaango cha chuma kizito. Chepesi kitaunguza katikati. Lakini utazisukumia wapi?

Swali hilo la mwisho si mzaha. Grili ina vimeza viwili, na mchomaji anavihitaji vyote: kimoja cha nyama mbichi na koleo lake, kingine cha sinia safi la nyama iliyoiva. Jiko likimeza kimoja, vyote viwili vinabanana kwenye kilichobaki, na hapo ndipo sinia lenye damu linapopokea nyama iliyochomwa. Wauzaji husema kifuniko kikifungwa kinakuwa meza. Kweli, kama jiko halijawashwa; likiwa limetumika muda si mrefu, kifuniko kina moto wa kubabua plastiki.

Gharama ya gesi isikuzuie. Kwa moto wote, jiko la kilowati 3.5 linachoma gramu 250 hivi kwa saa: mtungi wa Kimarekani wa kilo 9 ungeliendesha saa 36, na wa kilo 6 kama saa 24. Kinachostahili kukuzuia ni usalama. Majiko mengi ya aina hii hayana kifaa cha kukata gesi moto ukizimika. Umeweka mchuzi kwa moto mdogo, umegeuka kupindua nyama, upepo umepuliza, moto umekufa, na gesi inaendelea kutoka kimyakimya. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inashuka na kutulia kwenye kabati, ulipo mtungi. Ukikuta moto umezimika, funga, fungua milango ya kabati, subiri dakika tano, ndipo uwashe. Na moto mdogo kabisa usiutumie nje. Uache wa kati, punguza joto kwa kuinua sufuria.

Kuna kosa jingine linalowapeleka wengi kwa fundi bila sababu. Unafungua mtungi, unawasha grili, moto ni dhaifu kila mahali, joto halipandi. Kabla ya kulaumu mtungi, angalia kitufe cha jiko la pembeni. Regulata za grili za Kimarekani hubana gesi zikihisi inakimbia ghafla, na kitufe kimoja kilichosahauliwa wazi kinatosha: ukifungua mtungi, regulata inadhani mpira umekatika. Funga vitufe vyote, funga mtungi, legeza kiungo cha regulata, ngoja dakika moja, kaza kiungo tena, kisha fungua mtungi polepole kama unayeogopa kuamsha mtoto. Nguvu itarudi.

Ukiamua kununua, kagua viungo vya jiko hilo kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo kwa kawaida mnunuzi huiunga mwenyewe. Gesi inatoka kwenye bomba kuu kwa mpira mwembamba hadi valvu iliyo chini ya kimeza. Mpira huo una gesi muda wote mtungi ukiwa wazi, hata jiko likiwa limefungwa. Valvu ina nozeli ndogo ya shaba ambayo lazima iingie ndani ya mdomo wa bomba la kichomeo. Mtu akiharakisha, nozeli inabaki nje kwa sentimita moja, gesi inamwagika chini ya bati, na moto unawaka pasipotakiwa. Inama, angalia kwa tochi. Kisha paka maji ya sabuni, nusu kwa nusu, kwenye kila kiungo, mtungi ukiwa wazi na vitufe vimefungwa. Povu likivimba, hapo panavuja.

Dukani fanya mambo matatu. Shika ukingo wa kimeza, ukibonyeze chini: kikinesa sasa, baada ya mwaka kitaning'inia. Gusisha sumaku kwenye bati: chuma kisichoshika kutu kinachong'ang'ania sumaku ni cha daraja la chini, na hewa ya chumvi ya Mombasa au Unguja itakiandika madoa mapema. Halafu soma BTU kwa makini. Grili iliyoandikwa 47,000 inaweza kuwa imejumlisha jiko la pembeni la 12,000. Vichomeo vya nyama ni 35,000 tu. Toa ndipo ulinganishe, la sivyo utadhani umenunua grili yenye nguvu kumbe umenunua yenye sufuria.

Kwa anayeishi Afrika Mashariki jibu huwa rahisi zaidi. Nyumba nyingi zinazofikiria grili ya gesi tayari zina mtungi mdogo wenye jiko juu yake. Uweke chini, mita mbili kutoka kwenye grili, na kazi imekwisha: unabeba sufuria kubwa zaidi, unasongewa ugali, unahamishika upepo ukigeuka. Fedha iliyobaki itie kwenye nyavu nzito.

Anayenunua grili ya mtumba iliyoshushwa kutoka Marekani aulize kwanza ilikuwa ya gesi gani. Zile zilizounganishwa na gesi asilia ya bomba la nyumba zina nozeli zenye tundu kubwa. Ukizilisha gesi ya mtungi zinatoa ndimi ndefu za njano na masizi. Nozeli zote zibadilishwe, na ile ya jiko la pembeni ndiyo inayosahaulika. Kiungo cha mtungi cha Kimarekani hakiingii kwenye mitungi ya huku, kwa hiyo mpira na regulata vibadilishwe pia. Chukua regulata ya presha ndogo, ya milibari 28 hadi 30, inayokaribiana sana na ile ambayo grili hizo zilitengenezewa. Ya presha kubwa, ile ya majiko ya mama lishe, usiiguse.

Ipo aina ya jiko la pembeni lenye kigae cha kauri kinachowaka chekundu. Hilo ni la kubabua nyama kwa dakika mbili kila upande, si la sufuria, na mchuzi ukimwagikia kigae kinaweza kupasuka.

Kama tayari unalo na hulitumii, usiliache tu. Buibui hupenda bomba la kichomeo kilichokaa. Utando wao unaziba njia, gesi inarudi nyuma na kuwakia kwenye kitufe. Ukiona moto wa njano au mlio wa kupwita, toa kichomeo, pitisha brashi nyembamba ndani ya bomba, zibua matundu kwa waya. Kwa kawaida, kuliwasha dakika tano kila mwezi kunatosha kuizuia valvu isigande. Hata hilo likikuchosha, mwite fundi wa gesi aung'oe ule mpira kwenye bomba kuu na kuziba tundu kwa kofia ya shaba yenye nyuzi, si kwa tepu. Kisha ng'oa vyuma vya juu, laza ubao mnene wa kukatia juu ya shimo, na kimeza chako cha pili kimerudi.