Maswali ya Wajenzi: Mume anataka bati nyeusi, mie naogopa joto

Swali. Mambo vipi mtaalamu. Tuko Kigamboni, boma limefika lenta na hela ya kupaua ipo, tatizo ni rangi. Mume wangu kaona nyumba Goba imepauliwa bati nyeusi ile ya mkaa na kuta nyeupe, akaganda hapo hapo, hataki kusikia kingine. Mie naogopa joto maana hata hapa tulipopanga saa nane mchana chumbani hukai. Fundi anasema rangi haina uhusiano na joto, bati ni bati. Nani mkweli? Na kuna shemeji yangu Yanga damu, yeye anataka kijani tu, huyo tumemuacha kwanza. *Mama Wawili, Kigamboni*

Jibu. Mama Wawili hongera kwanza kwa kufika lenta na hela ya kupaua ikiwepo, wengi hapo ndo wanapumzika miaka. Fundi wako kwenye kufunga kenchi msikilize, ila kwenye hili kachemka. Rangi ina uhusiano na joto tena mkubwa. Paa la rangi nzito likipigwa jua la mchana linaweza kufika nyuzi 65 na kupita, wakati nyeupe safi juani hapo hapo inaweza kuwa chini yake kwa nyuzi 25 na zaidi. Sasa huo moto hauishii juu, bati inageuka jiko, linachoma dari na dari inakuletea wewe joto kitandani mpaka usiku, kwa sababu dari na kuta zikishashika joto haziachii haraka.

Usibishane na mumeo kwa maneno. Nendeni dukani muombe vipande vilivyobaki kwenye kukata, kimoja cha mkaa, kimoja kijivu cha mwanga, kimoja krimu, huwa wanavyo vimetupwa pembeni. Viwekeni hapo saiti kwenye mchanga saa saba mchana, viacheni nusu saa, alafu mwambie baba aanze kushika yeye, kwa mgongo wa mkono na taratibu asije akaungua. Hapo mjadala huwa unapungua wenyewe.

Lakini na wewe usije ukatoka hapa unasema rangi ndo kila kitu, maana sio. Nyumba ya bati krimu isiyo na dari itakuwa na joto kuliko nyumba ya bati nyeusi yenye dari nzuri, foili (ile karatasi ya kung'aa ya kurudisha joto) chini ya bati, na matundu ya hewa kule juu kwenye pembe ya ukuta ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Kwa hiyo kama baba kashinda, basi ashinde na bajeti ya foili na matundu, asishinde mdomo mtupu. Na foili iachiwe nafasi ya hewa upande mmoja, ikibanwa imegusana na bati inakuwa mapambo tu.

Kuna jambo lingine wauzaji wengi hawalisemi. Karibu nusu ya nguvu ya jua inakuja kwa mwanga ambao macho hatuuoni, ndo maana bati mbili zinazofanana kabisa kwa macho zinaweza kutofautiana joto, inategemea rangi yake imechanganywa na nini. Zipo bati za rangi nzito zilizotengenezwa makusudi zirudishe huo mwanga. Ukiambiwa hii nyeusi haipati moto omba karatasi ya kiwandani yenye kipimo cha kurudisha jua, muuzaji akianza kutafuna maneno ihesabu kuwa nyeusi ya kawaida.

Ushauri wangu mie: kilichomvutia baba kule Goba sio paa jeusi, ni ule mkato wa nyeusi na nyeupe. Huo mkato unaupata kwa kufanya fishabodi (mbao za ukingoni mwa paa), gata na grili za madirisha ziwe za mkaa, paa liwe kijivu cha mwanga. Ukisimama getini unachoona kwanza ni ile mistari ya pembeni, paa lenyewe unaliona kipande. Kwa jua la Dar na Pwani mie rangi nzito simshauri mtu, hata kama ndo fasheni ya mjini sasa hivi.

Mkishakubaliana msiagize kwa jina la rangi. Maruni ya duka hili ni brikired ya duka lile, na "kijivu" ndo usiseme. Tumia namba za RAL, ile orodha ya rangi ambayo kila rangi ina namba yake: 7016 ndo ule mkaa anaoutaka baba, 9002 ni nyeupe yenye ukijivu kwa mbali, 8017 kahawia ya chokoleti, 3005 maruni ya mvinyo. Namba iandikwe kwenye profoma. Na mkatiwe bati zote siku moja pamoja na kofia (za mgongo wa paa) na valei (za mabondeni paa zinapokutana), na mbili tatu za akiba, kwa sababu roli ya bati iliyoviringishwa ikibadilika kiwandani rangi inaweza kuhama kidogo, na hiyo kidogo ikiwa juu ya paa inaonekana toka barabarani. Kingine, usichague kwa kile kipande cha kiganja dukani chini ya taa. Muulize muuzaji hii rangi imeezekwa wapi, nenda kaione nyumba yenyewe, na bora iwe imeshakaa miaka kadhaa ili uone imepauka au bado.

Halafu wewe uko Kigamboni, chumvi ya bahari hiyo. Rangi haizuii kutu peke yake, kinachozuia ni kilichopakwa kwenye chuma kabla ya rangi. Uliza kama ni aluzinki, ambayo ni mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6, na uliza imepakwa gramu ngapi, AZ150, yaani gramu 150 kwa mita ya mraba, ni nzito kuliko AZ100. Geji nayo wanachanganya sana watu: namba ikipanda bati inakuwa nyembamba, 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kama unaweza pima kwa maikromita kabla hujalipa. Waranti isome yote, nyingi zina masharti yake kwa nyumba za karibu na bahari.

Na siku ya kupaua simama hapo hapo, fundi asikate bati kwa grinda. Zile cheche zinaunguza rangi na chembe za chuma zinanasa juu ya bati, baada ya mvua chache unaanza kuona vidoti vya kutu unadhani umeuziwa bati feki. Akate kwa mkasi wa bati, na jioni vumbi lote la chuma la kutoboa skrubu lifagiliwe. Ile nailoni ya juu ya bati nayo ibanduliwe mapema, ikipigwa jua wiki kadhaa inagandia.

Shemeji wa Yanga mwambieni kijani kilichoiva kina joto kama nyeusi tu, aweke bendera.

Swali. Nyumba yangu ni ya kisasa, paa la kuficha, kuta zimepanda zimelizunguka. Fundi anataka ninunue bati nyeusi ifanane na fremu za madirisha. Niko Dodoma, Nzuguni. Ni sawa?

Jibu. Ifanane na fremu nani ataiona, ndege? Paa la kuficha ndo sehemu pekee ambayo huna wa kumpendeza, chukua nyeupe au ile 9002 ulale vizuri. Usidanganyike pia na ile bati isiyo na rangi eti kwa kuwa inang'aa basi ni baridi. Inarudisha jua kweli, lakini chuma kitupu kikishashika joto kinachelewa kulitoa, kinabaki cha moto kuliko nyeupe iliyopakwa. Vumbi la Dodoma litaichafua hilo halina ubishi, na ikichafuka inapunguza kazi, kwa hiyo kabla ya mvua za kwanza mtu apande na fagio laini. Hela utakayookoa kwa kutofuata fasheni iweke kwenye gata la ndani, mapaa ya kuficha mengi yanavuja hapo.

Swali. Wengi mnaongelea joto, sisi huku Njombe tunaongelea baridi. Nikiweka bati nyeusi nyumba itapata joto? *Mkulima wa parachichi*

Jibu. Mchana utasaidika kidogo, ila wewe baridi inakutesa usiku, na usiku rangi haikusaidii chochote. Bati iwe nyeusi iwe nyeupe jua likizama inatoa joto lake kwenda juu na kupoa haraka, inaweza kupoa hata kuliko hewa. Ndo maana asubuhi bati inatoa jasho na matone yanaangukia dari. Kwa hiyo rangi nzito kwako ruhusa, hakuna hasara, ila joto la nyumba liko kwenye dari isiyo na mianya na kitu kinene cha kuzuia joto lisitoke juu yake, na matundu ya hewa usiyazibe kwa kuogopa baridi maana huo unyevu utaozesha kenchi.

Kitu cha kuangalia huko ni kupauka. Mko juu, karibu mita 2,000, jua la juu linachoma rangi zaidi hata kama hulisikii kwa sababu ya baridi. Nyekundu inayowaka na bluu inayowaka ndo zinachoka mapema, wakati rangi za udongo, kahawia na ile nyekundu ya matofali, nyingi zinatengenezwa na oksidi ya chuma, yaani ni ndugu wa kutu kabisa, jua haliziwezi kirahisi. Ukiwa na uwezo uliza bati yenye rangi ya PVDF (aina ya rangi ya plastiki inayostahimili jua) badala ya poliesta ya kawaida, bei iko juu lakini inavumilia jua miaka mingi zaidi.

Swali. Paa langu la maruni limekuwa pinki. Nibadilishe bati au nipake rangi? *Tanga*

Jibu. Panda asubuhi upitishe kidole. Kikitoka na unga unga wa rangi, hiyo ni rangi ya juu imechoka tu, chuma bado kizima, usinunue bati. Ukikuta kutu imetoboa au bati inabonyea ukiisukuma kwa kidole gumba, hiyo badilisha.

Kama ni unga tu, kazi ni kuosha. Maji, sabuni na brashi mpaka kidole kitoke safi, kwa sababu rangi ikipakwa juu ya ule unga itabanduka na unga wake. Penye kutu sugua kwa brashi ya waya, paka praima ya kutu, kaza skrubu zilizolegea na badilisha zenye mpira uliokatika. Baada ya hapo rangi ya maji ya akriliki ya mapaa, mikono miwili, upake asubuhi kabla bati haijashika moto. Rangi ya mafuta usiikaribishe, hasa pale ambapo rangi ya zamani imeisha na zinki iko wazi, inagombana na zinki na kubanduka vipande vipande kama hujaanza na praima yake. Na kwa kuwa unapaka upya hulazimiki kurudia maruni, paka krimu au nyeupe utaona tofauti chumbani bila kununua bati hata moja.

Kama unakinga maji ya mvua ya kunywa sema dukani ili upewe rangi inayoruhusiwa kwa maji ya kunywa, na chomoa bomba la simtanki mpaka mvua kubwa za mwanzo ziwe zimeliosha paa.